Kete za Kushoto

Siku Donati aliposhindwa drafti na Kimaren wa Mikumi, hakuna mtu wa Kilosa aliyemlaumu, na hilo ndilo lililomuuma kuliko kushindwa kwenyewe.

Wangemcheka, angecheka nao. Wangemtukana, angewarudishia, maana kijiwe chao jirani na stesheni, barazani kwa mchomelea vyuma, hakikuwa mahali pa watu wa kununa. Lakini walimhurumia. Mmoja alisema jua lilikuwa likimpiga usoni. Mwingine akanong'ona kwamba yule mfugaji hakuja hivihivi, kuna kitu alikishika mfukoni muda wote wa mchezo. Abubakari, mwenye Fuso ambayo Donati alikuwa akiiendesha, alimshika bega akamwambia, "Ulikuwa umechoka, mzee mwenzangu. Juzi tu umetoka Lumuma na mzigo. Ungepata kupumzika, yule asingekugusa."

Donati aliitikia kwa kichwa tu. Hakuwa amechoka. Siku ile alikuwa ameamka vizuri, akanywa chai na mihogo ya mkewe Fausta, akaenda barazani anapiga mluzi. Jua nalo lilikuwa mgongoni mwake.

Alikuwa mtu wa makamo aliyeanza kuota mvi, mfupi, mwenye mikono mikubwa ya kushikia usukani. Maisha yake yote yalikuwa barabara na drafti. Barabara ilimlisha: vitunguu kutoka Lumuma, mahindi kutoka Magole, mbao, saruji, na watu wenye misiba wanaoomba lifti. Drafti ndiyo iliyompa jina. Ubao wao ulikuwa kipande cha mbao kilichopakwa rangi nyeusi na nyeupe, kete zenyewe vizibo vya soda, upande mmoja vimelala chali na mwingine kifudifudi, na kwa miaka mingi hakuna aliyekaa mbele ya Donati akainuka anatabasamu. Ndiyo maana kila Saba Saba, vijiwe vya Kilosa na Mikumi vilipokutana, mchezo wa mwisho uliachwa wake. Mwaka huu ulikuwa umemalizika vibaya, tena mapema, na aliyeshinda hakushangilia hata kidogo. Kimaren aliinuka, akampa mkono huku akitazama pembeni, akaenda kupanda gari walilokodi wenzake. Donati aliona kama amedharauliwa.

Nyumbani alijaribu kuurudia mchezo peke yake. Alipanga kete juu ya kigoda, akazisogeza moja moja jinsi zilivyokwenda, kwa kuwa mchezaji wa kweli hasahau. Hatua za mwanzo zilikuja bila shida. Kila alipofika katikati, mambo yalivurugika. Kimaren alikula kete ambazo Donati hakuweza kukumbuka zilifikaje pale zilipoliwa. Alianza upya, akakwama palepale.

"Baba Lightness, chakula kinapoa," Fausta alimwita.

Alikula akaacha, kama ilivyokuwa desturi yake siku hizi. Fausta aliitazama sahani: ugali umeliwa upande mmoja, mchicha wote umeachwa upande wa pili. Alidhani mumewe amechoka na mboga zake. Alikuwa amelilia jambo hilo mara moja jikoni, akalimaliza.

Wiki iliyofuata Donati alipata mzigo wa kupeleka Mikumi. Utingo wake alikuwa msibani, kwa hiyo alikwenda peke yake. Aliposhusha magunia hakugeuza gari kurudi. Aliliacha chini ya mti nyuma ya soko, akaulizia duka la dawa za mifugo la Kimaren.

Kimaren alikuwa nyuma ya kaunta akimweleza mama mmoja namna ya kumchoma ng'ombe sindano. Alikuwa kijana mrefu wa miaka thelathini na kitu, amevaa shati la mikono mirefu lililopigwa pasi. Alipomwona Donati mlangoni alimalizana na mteja wake, ndipo akatoka nje ya kaunta.

"Shikamoo, mzee Donati."

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo. Karibu sana. Kuna heri?"

"Heri ipo. Nimekuja tuurudie ule mchezo."

Kimaren aliegemea kaunta. "Kuucheza tena?"

"Hapana. Kuurudia. Unionyeshe niliposhindwa. Kilosa kila mtu ananipaka mafuta. Mmoja ananiambia jua, mwingine ananiambia umeniroga. Wewe ndiye uliyekaa mbele yangu. Niambie."

Kijana alivuta benchi, akatoa ubao wake chini ya kaunta, akapanga kete haraka bila kutazama. Aliukumbuka mchezo wote. Aliusogeza kete kwa kete, zake na za Donati, na kila baada ya hatua kadhaa alisimama kusubiri swali.

"Hapa," Donati alisema, akiweka kidole katikati ya ubao. "Hapa ndipo nilipoharibu. Nilikubali kubadilishana kete mbili kwa mbili. Ningesubiri."

"Hapana, mzee. Hapa ulicheza vizuri. Mimi ndiye niliyebanwa." Kimaren alirudisha kete hizo nyuma. "Tazama. Ungesubiri, ningeisogeza hii, ukakosa pa kupita. Kubadilishana kulikuwa sawa. Hata mimi ningefanya hivyo."

"Basi wapi?"

"Bado. Twende."

Walikwenda. Nje malori ya barabara kuu yalikuwa yakipita kwa kishindo, na chupa za dawa kwenye rafu zililia kila lilipopita moja. Kimaren alisimama tena.

"Hapa ilikuwa zamu yako. Ulicheza hii ya kulia. Kwa nini?"

"Sikuwa na nyingine."

"Ulikuwa nayo hii." Kimaren aligusa kete iliyokuwa pembeni kabisa, mkono wa kushoto wa Donati. "Ungenipa hii niile. Kula ni lazima, nisingeweza kukataa. Nikishakula, wewe unapiga tatu, unaingia kingi. Mchezo umeisha pale pale. Mimi niliiona nikaanza kutoka jasho."

Donati aliinama. Aligeuza kichwa, na kete ile ikawa ipo, imelala chali kama nyingine zote. Aliihesabia njia yake kwa kidole: moja, mbili, tatu, kingi. Mtoto wa shule angeiona.

"Sikuiona," alisema polepole.

"Twende mbele."

Hawakufika mbali. Hatua chache baadaye Kimaren alikuwa ameacha mlango wazi, kushoto tena, na Donati hakuingia. Kisha Donati alikuwa ameacha kete yake iliwe bure, kushoto. Kisha akasogeza ya kulia kuikimbiza, wakati ya kushoto ilikuwa imebakiza nyumba moja kuwa kingi. Kila mara kijana alionyesha nini kingefanyika badala yake, na kila mara ilibidi Donati ageuze kichwa ndipo aone kinachozungumzwa. Mazungumzo yalianza kupungua. Mwishowe Kimaren aliondoa mkono ubaoni.

"Mzee wangu, niseme ukweli?"

"Ndicho kilichonileta."

"Siku ile nilikasirika. Nilidhani unaniachia. Nikasema moyoni, huyu mzee ananiona mfugaji tu, sijui kitu, anacheza na mimi kama mtu anavyocheza na mtoto. Mtu wa Kilosa anayejulikana mpaka Dumila hawezi kuacha kete kama hizi. Nilishinda nikarudi nyumbani nimenuna. Hata Naishorua mke wangu aliniuliza kama nimeshindwa."

"Sikukuachia."

"Sasa naona hukuniachia." Kimaren alisogea, akakaa sawasawa mbele yake. "Nitazame puani. Usiondoe macho." Aliinua mkono wake mmoja. "Vidole vingapi?"

"Viwili."

Aliushusha, akainua mwingine. "Na sasa?"

Donati alisubiri. "Inua basi."

Kimaren hakujibu. Kimya kilipokuwa kirefu Donati akageuza kichwa, na pale karibu kabisa na sikio lake la kushoto, mkono wa kijana ulikuwa umeinuliwa zamani, vidole vyote vitano vimetanuliwa.

Mteja aliingia akaomba dawa ya kupe, na Kimaren akamwambia aje baadaye.

"Ni lini limeanza?" aliuliza.

"Lipi limeanza? Mimi naona. Nimekuja hapa naendesha."

"Ndilo ninaloogopa, mzee. Umekuja unaendesha." Kijana aliinuka. "Acha gari hapa. Pale kituo cha mafuta kuna madereva, nitakutafutia mmoja akurudishe Kilosa. Kesho uende hospitali."

Donati naye aliinuka, na hasira ikamjia ya ghafla, hasira ya mtu aliyeshikwa hadharani. "Nimeshika usukani tangu wewe unachunga ndama. Nilikuja kuulizia drafti, sikuja kupimwa."

"Mzee Donati, tafadhali."

"Asante kwa muda wako."

Kimaren alimfuata mpaka kwenye gari. Alishika mlango wa Fuso kana kwamba angeweza kulizuia kwa mkono, kisha akauachia, kwa sababu hakuwa mwanawe wala ndugu yake, na ukweli ni kwamba mtu mzima akishasema asante hivyo, hakuna zaidi unaloweza kumwambia.

Alipotoka Mikumi, Donati aliendesha taratibu. Alijiambia kwamba kijana amezidisha. Lakini mambo yaliyokuwa yamelala yalianza kuamka. Kioo cha pembeni kilichovunjika kwenye nguzo ya lango, naye akaapa kwamba nguzo imesogezwa. Mbuzi aliyemgonga kule Zombo bila kumwona. Bega lake lililokuwa likigonga mlango wa chumbani. Na siku moja wakati wa masika, kichwa kilipomuuma mpaka akatapika, akameza dawa za malaria, akalala, akaamka akaenda kazini.

Kabla ya kufika kijiji cha Ulaya alisikia kishindo kidogo, kama tawi limegonga bodi. Alifunga breki, akageuka kutazama kioo cha kushoto. Baiskeli ilikuwa mtaroni, gurudumu linazunguka, madumu ya maji yanabingirika. Mwanamke alikuwa akijiinua kutoka kwenye majani.

Donati alishuka akakimbia. Mwanamke alikuwa na damu kwenye kiwiko na vumbi usoni. Hakuwa ameumia zaidi ya hapo. Bodi ya gari ilikuwa imegusa dumu, na yeye mwenyewe alikuwa akiikokota baiskeli upande wa majani. Alipaza sauti kwa ghadhabu.

"Baba, hukuniona? Barabara yote hii iko wazi! Nimevaa kitenge chekundu hivi, hukuniona?"

"Sikukuona, mama."

"Ulikuwa unatazama wapi?"

"Mbele," alisema. "Nilikuwa natazama mbele."

Mwanamke alimkagua usoni, labda akitafuta dalili ya pombe. Hakuona. Donati alimsaidia kuitoa baiskeli, akajaza madumu kwa maji ya akiba ya gari, akamfunga kiwiko kwa leso yake. Mwanamke alipoondoka alikuwa bado akinung'unika. Donati alipanda garini, akazima kabisa, akatoa ufunguo. Alimpigia Abubakari simu akamwambia aje na dereva.

Abubakari alifika kwa pikipiki, amempakia kijana mmoja anayeitwa Innocent aliyekuwa akisubiri kazi pale stendi. Alilizunguka gari, akainama chini ya injini.

"Limekufa nini?"

"Halijafa kitu."

"Sasa?"

Donati alimweleza yote, tangu drafti mpaka baiskeli. Abubakari alisikiliza huku mdomo umeachama, kisha akacheka kicheko kisicho na furaha.

"Yaani Mmasai amekushinda mchezo, halafu amekuambia wewe ni kipofu, nawe umekubali? Donati! Huyu amekushinda mara mbili. Msimu wa vitunguu ndio huu, magunia yanaoza Lumuma, wewe unaniambia habari za vidole!"

"Abuu, nimemgonga mtu."

"Umegonga dumu."

"Sikumwona. Amevaa nyekundu, na sikumwona."

Walikuwa wamefahamiana tangu ujana, wakati hakuna aliyekuwa na hata baiskeli. Abubakari alipokea ufunguo bila kumtazama, akampa Innocent.

Fausta ndiye aliyempeleka Morogoro. Daktari alikuwa binti mdogo, mpole, aliyemwita baba kila baada ya sentensi. Alimpima macho akasema macho ni mazima. Alimpeleka kupiga picha ya kichwa, na picha iliporudi aliiweka mbele yao akaonyesha doa dogo upande wa nyuma. Kilikuwa kiharusi, alisema, kidogo, cha kimyakimya, kimetokana na presha ambayo baba hakujua anayo. Sehemu ya ubongo inayopokea picha za upande wa kushoto ilikuwa imekufa.

"Itapona?" Fausta aliuliza.

"Imeshapita miezi, mama. Ingekuwa inarudi, tungeona imeanza kurudi. Tutampa dawa za presha kisije kingine. Atajifunza kugeuza kichwa. Lakini baba, usukani hapana. Usishike tena."

Walipotoka nje Fausta alianza kulia palepale kwenye ngazi. Donati alidhani analilia kazi. "Ulikuwa unaacha mchicha," Fausta alisema kati ya kwikwi. "Mimi nilifikiri hunitaki. Nilikaa na jambo hilo moyoni, kumbe ungeniambia… kumbe ningekuuliza." Donati alimshika mkono, wakaenda stendi, na safari hii yeye ndiye aliyeongozwa kuvuka barabara.

Angalau kijiweni, alifikiri, watamwelewa. Alikwenda siku chache baadaye, akawaeleza. Walisikiliza kwa adabu. Lakini alipofika kwenye kona ya nyumba ya mchomelea vyuma akiondoka, aliwasikia.

"Kashindwa, sasa anasingizia macho."

"Na drafti anaona, televisheni anaona, chai yangu ameiona. Ni kushoto tu haoni!"

Walicheka. Wale wale waliomtetea kwa jua na uchawi hawakuweza kumeza ukweli, labda kwa sababu kwa jua na uchawi angebaki Donati wao, ambaye mwakani angelipiza. Huyu mwingine hawakumjua. Hakurudi tena barazani.

Abubakari alijaribu mara moja zaidi. Alimwomba aendeshe safari fupi tu, stesheni mpaka ghalani, hapohapo mjini. Donati alikataa. Wakaachana kwa maneno ya kawaida, na baada ya hapo salamu zikawa za mbali, za kupungiana mkono. Innocent alikaa kwenye usukani moja kwa moja. Alikuwa dereva mzuri, na Donati aliposikia honi ya ile Fuso ikipita jirani alikuwa akiingia ndani.

Walipoona Kilosa hakuna la kufanya, walihamia Magole, kwenye shamba walilorithi Fausta na dada zake. Donati hakuwahi kuwa mkulima. Alilima mistari inayopinda kulia, akaacha magugu upande wa pili, na Fausta akapita nyuma yake akimalizia. Binti yao Lightness alituma anachoweza kutoka Dodoma. Siku zilikuwa ndefu. Mara nyingine alikaa mbele ya nyumba tangu asubuhi, mikono mapajani, na mtu akipita upande wa kushoto akamsalimia, alishtuka kama aliyeamshwa.

Kimaren alikuja mwezi wa kumi na moja. Alikuwa amekwenda Dumila kuchukua dawa, akauliza njia mpaka akafika. Alimwamkia Fausta, akapewa uji, akaeleza habari za ukame na za ndama. Hakuuliza kuhusu macho. Baadaye alitoa ubao kwenye mfuko wake, na Donati, baada ya kusitasita, akavuta kiti.

Walicheza mchezo mmoja mrefu. Kila mara kabla ya kusogeza, Donati aligeuza kichwa mpaka mwisho wa ubao akarudi, kama daktari alivyomfundisha. Ilimchosha. Kimaren hakumharakisha, wala hakumwonea huruma. Alibana, akasubiri, akabana tena. Donati aliona kila kete. Aliona hatari ikija kutoka mbali, akatafuta pa kutokea, na hapakuwapo. Mwisho alisukuma kete yake ya mwisho ikaliwe.

Kijana alianza kuzipanga upya ili wautazame mchezo, kama ilivyo desturi.

"Tuangalie pale katikati," alisema. "Pengine ungechezesha hii."

"Acha, mdogo wangu," Donati alimwambia. "Hapa sikukosea mahali. Umenishinda tu."

Kimaren aliitikia kwa kichwa, akazikusanya kete mfukoni. Alipokwisha kuaga, Fausta alitoka na ungo wake, akauliza nani ameshinda.

"Yeye."

"Ulikuwa unageuka?"

"Nilikuwa nageuka."

Fausta alikaa kwenye kigoda akaanza kupepeta, na Donati akabaki palepale kwenye kiti, akitazama vumbi la makapi likichukuliwa na upepo kuelekea shambani.